Garrett Amemwaga Mtama Mbele ya Mhoji

Shoga yangu Joanne, mume wangu Garrett amemwaga mtama. Tena mbele ya yule mama aliyekuja kumhoji Tessa kwa niaba ya chuo.

Unajua mwanangu alitia saini kukubali masharti yao. Chuo hiki ukiomba mapema kinakujibu Desemba, wala hakikulazimishi kujiunga nacho, ila kina sharti moja: usiombe mapema chuo kingine cha binafsi. Cha serikali, ruksa. Tessa amelisoma sharti hilo mpaka amelikariri.

Mahojiano yameisha vizuri, tunavaa makoti hapo mkahawani. Mume wangu akajipenyeza, kifua mbele: "Mkichelewa mtamkosa! Nimeshamwombea mapema na kwa wapinzani wenu."

Nimeshamwombea! Kwa nywila ya mtoto, bila kumwambia!

Tessa akageuka. "Baba, umefanya nini?"

"Tulia, mama. Kila mtu anafanya hivyo. Masharti ni ya wajinga."

Ya wajinga, Joanne. Anamwambia nani? Mtu wa chuo chenyewe!

Yule mama akaweka kikombe chini. "Binti, hili nalazimika kuliandika."

Tessa akamtazama machoni. "Andika, mama. Ila andika pia kwamba mimi nimelisikia leo, pamoja na wewe."

Papo hapo akafungua simu, akaliondoa lile ombi la pili.

Kama watamchukua, sijui. Garrett yuko garini anapiga honi, anauliza tumenuna nini. Sisi tunarudi kwa miguu.