Kiingereza Ndani ya Eda

Baba Zuwena,

Salamu hizi zikufikie huko uliko, na Mola akulaze mahali pema. Mimi mkeo Somoe nipo, sijui niseme mzima au mgonjwa. Nakuandikia nimesimama uani, karatasi nimeiweka juu ya mfuniko wa pipa la maji, maana kukaa kumenishinda tangu jana. Nikikaa, miguu inanisukuma. Nikilala, macho hayafumbi. Nimeshafagia uwanja, nimeshafua hata nguo safi, na mama yako ananitazama tu kutoka barazani, anatikisa kichwa.

Nataka hili ulisikie kwangu mwenyewe. Jana nilitoka nje nikiwa ndani ya eda yako. Nilikwenda mjini Masoko, nikafanya mtihani wa Kiingereza, nikarudi. Ndiyo hivyo. Usiniulize kwa nini kabla sijamaliza, maana wewe na kukatiza maneno ya watu mlizaliwa siku moja.

Unakumbuka tulivyoapa kwamba mwaka huu Kiingereza hakitanigomea tena? Mwaka jana masomo mengine yalikubali, hicho kimoja kikakataa, na bila hicho chuo cha ualimu sikipati. Nililia nikasema basi, nimeshazaa, nimeshaolewa, shule ya nini tena. Ukaniambia, "Somoe, mimba ilikutoa shuleni mara moja. Usijitoe mwenyewe mara ya pili." Nilikasirika, nikakurushia mwiko. Ukaudaka, ukaupangusa, ukanirudishia, ukauliza chakula kinaiva saa ngapi.

Ndipo ukaanzisha ule utaratibu wako pale kwenye banda lako la kutengenezea pikipiki. Nikikuletea chakula cha mchana, hunipi ruhusa ya kuondoka. Kila mteja anayefika lazima nimtungie sentensi moja yenye who, which au whose, vile viunganishi ambavyo kwetu ni ambaye na ambacho na mambo yanaisha, lakini kwa Waingereza ni balaa tupu. Hushiki spana mpaka nimalize. Mtu wa watu amesimama juani na pikipiki yake, anatoka jasho, mimi nauma kalamu. The man whose chain is broken. Mwanamume ambaye mnyororo wake umekatika. Nikikosea wewe hujui kama nimekosea, maana Kiingereza chako kilikuwa cha vipuri tu. Ulijua kila kifaa cha injini, ila kumwamkia mtu hujui. Ulikuwa unatazama uso wangu. Ukiona nimesita, unasema, "Rudia, hiyo haijakaa." Na kweli ilikuwa haijakaa.

Wateja wakazoea. Wengine wakawa wanakuja na kuuliza leo mimi nani. Yule mzee wa Njinjo mwenye magunia ya korosho nilimpa the man who never smiles, na nilipomtafsiria kwamba ni mtu asiyecheka, alicheka mpaka kofia ikaanguka.

Kwenye kusoma habari na kujibu maswali, hapo ndipo uliponiponza. Nakwambia wazi, ulinichongea. Nikikusomea habari kisha nikakueleza kwa Kiswahili, wewe hukubali kusikiliza kama mwanafunzi. Unagombana nayo. Unataka kujua ndugu za huyo mtu walikuwa wapi wakati anaibiwa. Unataka kujua huyo bibi arusi alilipiwa mahari au hakulipiwa. Na ile habari ya mkulima aliyevuna korosho zake mwezi wa Aprili! Ulisimama na mikono imejaa grisi, ukaapa kwamba Aprili mkorosho hauna hata ua la kusingiziwa, mvua tupu. Tukaulizwa kwenye jaribio la mwalimu Chande wa masomo ya jioni, mkulima alivuna lini? Nikaandika Oktoba. Mwalimu akanikata. Nikamwendea na hasira zangu, nikamwambia mwalimu, mimi nimekulia chini ya mikorosho. Akasema, "Na mimi pia, Somoe. Lakini wamekuuliza mkulima wa kwenye habari, hawajakuuliza baba yako." Nilipokusimulia ulikubali kwamba mwalimu ana haki, halafu mpaka tunafika nyumbani ulikuwa bado unanung'unika kuhusu Aprili.

Kisha ikaja ile homa. Sitaki kuiandika. Tulikupeleka hospitali unatembea kwa miguu yako, tukarudi na wewe umefunikwa. Basi.

Ulipozikwa, watu walijaa hapa mpaka njiani. Mimi nilikuwa ndani na wanawake, nimeketi kwenye mkeka, sisikii wala sioni. Lakini wateja wako walikuja dirishani kutoa pole, na hawakujitaja majina. Mmoja akasema, "Shemeji, pole. Mimi ni the man whose chain is broken." Mwingine akafuata na sentensi yake. Wamekariri, baba Zuwena. Watu wazima, na kofia zao mkononi. Yule mzee wa Njinjo alisema yake yote bila kukosea. Wanawake wakadhani wanachezea msiba, mama yako akataka kuwafukuza. Mimi nikacheka, nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Banda lako sasa ni la chipsi. Mafuta yamebadilika tu, ya injini yameondoka, ya kukaangia yameingia. Doa lako jeusi bado lipo chini, wanalimwagia mchanga kila asubuhi na mchana limeshatokeza. Nimeambiwa, sijaona, mjane huona kwa macho ya watu.

Maana eda, unajua, ni miezi minne na siku kumi. Mama yako alihama Njinjo akaja kukaa nami, tukawa sisi na Zuwena. Sikufichi, kufungiwa ndani kulinitia wazimu. Wenzangu wanasema eda ni kupumzika. Mimi nilikuwa natembea toka jikoni mpaka chooni, toka chooni mpaka jikoni, kitabu mkononi, nasoma kwa sauti. Nilikuwa nasoma habari moja mpaka mwisho halafu nanyamaza kukungoja ubishe. Nyumba kimya. Nikawa nakasirika, nakasirikia hata wale watu wa kwenye habari, wapo tu wanaendelea na safari zao.

Mtihani ukakaribia, na eda ilikuwa bado haijaisha. Nikamwambia mama. Akasema hapana. Nikasema, mama, ni asubuhi moja tu, mchana nimerudi. Akasema, "Mjane hatoki. Kwetu hatoki." Nikamtuma jirani kwa mke wa sheikh, jibu likaja kwamba mjane mwenye haja ya lazima hutoka mchana, ili mradi arudi kulala nyumbani kwake, asijipambe. Nikadhani nimeshinda. Mama yako akajibu, "Sheikh kasema ya dini. Mimi nasema ya watu." Na watu walishaanza, kinywa ni jumba la maneno. Kwamba kaburi la mume bado bichi, mke anahangaikia Wazungu.

Nilipandisha hasira, wanijua. Nikamwambia mtoto wake ndiye aliyenitaka nisome. Nikamwambia kama angekuwa hai angenibeba mgongoni anipeleke. Akanitazama, ndipo likatoka lililokuwa ndani. "Utafaulu," akasema. "Najua utafaulu. Utakwenda chuo, utaolewa hukohuko, na Zuwena utakwenda naye. Mimi nimezika mwanangu. Unataka nibaki na nini?"

 Mimi niliyekuwa najibu maswali ya watu wasiokuwapo duniani, mama yako ameniuliza moja, likanishinda. Ningemwambia nini? Nilikuwa nimeshawaza kuondoka. Nisingeweza kula kiapo kwamba nitabaki.

Akamalizia akiwa amenipa mgongo, "Ukitoka kwenye mlango huu, hutanikuta." Na Zuwena amempakata.

Jana asubuhi nilivaa ile shuka nyeupe ya eda, bila wanja wala mafuta ya kunukia. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitika. Tangu unioe hajawahi kuniacha bila marahaba. Nikasimama mlangoni. Nilijua nikienda naweza nikarudi nikakuta nyumba haina mtoto, na Njinjo nisingeweza kumfuata mpaka eda iishe. Na nilijua nisipokwenda, nitamchukia mama yako maisha yangu yote, yeye na hata wewe uliyenitia hamu. Nikatoka. Sijui nilichagua au miguu ilichagua.

Kwenye chumba cha mtihani watahiniwa walinigeukia kwa ile nguo. Msichana mmoja akasogeza kiti chake, kama ujane unaambukiza. Msimamizi aliponiuliza namba yangu nilijibu huku nimeinamisha macho, nikaonyesha kitambulisho, nikaketi. Zile sentensi za kuunganisha zilinijia vizuri, Alhamdulillahi. Kwenye kila moja nilimwona mtu amesimama juani na pikipiki yake. Ile habari ya kusoma ilikuwa ya mvuvi aliyeuza chombo chake akaenda kufanya kazi ya ulinzi mjini. Swali, kwa nini alikiuza? Nikakusikia kabisa ukibisha, kwamba huyo mtu hakuuza kwa sababu waliyoiandika wao, kuna jambo la mke wake hapo limefichwa. Nikakwambia nyamaza, mume wangu. Nikaandika sababu waliyoiandika wao. Mkono ulikuwa mzito, lakini niliandika.

Sijui kama nimefaulu. Karatasi niliimaliza, ila kichwa kilikuwa nyumbani. Nasoma mstari, naona Zuwena amebebwa. Naandika jibu, nasikia gari linaondoka. Kengele ilipolia nilikuwa wa kwanza kutoka, hata kalamu niliisahau.

Bajaji iliponishusha hapa kwetu Nangurukuru nilikuwa nimeshakata tamaa. Nikamwona. Mama yako amesimama kwenye kituo cha magari ya Njinjo, furushi lake kichwani, Zuwena mkononi.  Nikasema nimewahi, au nimechelewa, nitamnyang'anya mtoto mbele za watu? Nikawa siwezi hata kusogea. Mama muuza chai akaniona, akaja mbio akanishika bega, akaniambia taratibu, "Tangu asubuhi yuko hapo. Magari yamekuja yakaondoka, matupu. Kila moja analisimamisha, analitazama, analiachia."

Nikamwendea. Watu wa kituo kizima, wapiga debe, wauza mihogo, wote wanatazama mjane na nguo yake nyeupe katikati ya barabara. Mama yako huyo, anayeogopa maneno ya watu kuliko simba. Nikasema tena, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. Kisha akasema, "Gari lilijaa."

Akanipa furushi nimbebee. Akanishika mkono, vidole vyake vimebana mpaka vinauma, tukakatiza katikati ya kituo, mbele ya wote, hatukupita njia ya nyuma. Hakuniuliza habari ya mtihani. Mtu mmoja alianza kusema neno, mama yako akageuza shingo tu, neno likarudi lilikotoka.

Sasa hapa, baba Zuwena, ndipo ninapokuaga, na nina ahadi. Asubuhi hii nimemwambia mama yale niliyoshindwa kumwambia siku ile. Nimemwambia matokeo yakija mabaya, nitarudia nikiwa hapahapa. Yakija mazuri, nikaitwa chuo, nitatafuta chumba cha watu watatu, na kama chuo hakitaki nikae nje ya bweni na mama mkwe, nitangoja chuo kingine. Sitamwondolea mjukuu wake. Hilo nakuahidi na wewe, kwa jina lako nililobeba na kwa mtoto tuliyezaa. Hasira zangu unazijua, na unajua pia kwamba nikishasema nimesema.

 Ameinuka barazani, ameingia ndani, nimesikia sanduku likifunguliwa. Nimechungulia. Amefungua furushi, anazipanga khanga zake upande mmoja wa sanduku langu, na zangu anazisogeza zipishe.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo,
Somoe