Si Mama Neema, ni Prosesa

Kambarage, Jumapili, 1998

Kumbe ni mimi. Nilikuwa nahisi hivyo, lakini leo nimeona kwa macho.

Mwezi huu kompyuta imekuwa ikiganda kila mke wangu, Mama Neema, akichapa hadithi za Kisukuma alizoachiwa na marehemu baba yake. Kurasa zinapotea. Nilimfokea hata mbele ya mama yangu: "Unabonyeza ovyo!" Akaacha kuigusa.

Leo nimefungua kasha. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, iliniunguza kidole. Mimi ndiye niliyehamisha kipini cha kupanga kasi yake kwenye ubao mkuu ili ikimbie kasi kuliko ilivyoundwa, nipate la kujisifia kwa rafiki zangu. Nikakirudisha mahali pake, joto likapungua. Mchana kutwa haijaganda.

Nilipomweleza Mama Neema, aliacha kuchambua mchele.

"Baba Neema, siku uliyonifokea mbele ya mama, ulikuwa unajua?"

Nilitaka kusema sikuwa na uhakika, kwamba...

"Nilijua," nikasema.

Alinawa mikono, akaketi kwenye kompyuta, akaanza upya hadithi ya kwanza. Nikachukua ungo wake nikaendelea kuchambua mchele. Sikuthubutu kuinua macho.