Nimemshtaki Ndugu Yako kwa Ajili ya Karani

Baba,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine huko uliko, wacha nikuambie mwenyewe: nimemshtaki ndugu yako. Ndiyo, baba mdogo Mwakio, yule yule aliyekubeba mgongoni mpaka barabarani siku gari la wagonjwa liliposhindwa kuingia Rukanga kwa matope. Nimekwenda ofisi ya mifugo Voi kwa miguu yangu nikataja jina lake. Nisikilize kwanza, na usinikatize kama kawaida yako.

Ni habari ya Karani. Unakumbuka ulimpa punda wako jina hilo kwa sababu alitembea ameinamisha kichwa, hana haraka na mtu, kama karani wa serikali aliyesikia foleni imekuwa ndefu? Watu bombani walikuuliza, "Karani amefungua ofisi?" nawe ukawajibu, "Amekwenda chai." Kila ukimtua mitungi ya maji ulimfuta mgongo kwa gunia, polepole, huku ukimnong'oneza kwa Kidawida mambo ambayo sisi wanao hukutuambia. Haki ya Mungu, nilikuwa namwonea wivu.

Basi tulipokuzika, wazee wa ukoo walisema mali yako isiguswe mpaka watakapokaa kuigawa. Sawa, ndivyo tunavyofanya. Shamba halikuguswa, mbuzi hawakuuzwa. Lakini Karani, eti hakuna wa kumkata kwato wala kumtafutia dawa kwa sababu ni punda wa marehemu, ila kumtwika maji kila mtu ana ruhusa! Leo jirani, kesho watu wa kanisa, keshokutwa fundi wa nyumba na mchanga wake. Baba mdogo ndiye aliyeachiwa kamba, naye akawa anampa yeyote aliyebisha hodi. Wewe niambie, hiyo ni akili gani?

Mimi sikujua. Niko Voi na cherehani yangu, na unajua kazi ya sare inavyobana shule zikikaribia kufunguliwa. Nilipokuja kung'oa magugu kaburini kwako ndipo nilipomkuta amefungwa nyuma ya jiko. Baba, sikumtambua. Mbavu zote nje, kwato zimeota mpaka zimejikunja mbele, na mgongoni, pale pale ulipokuwa ukifuta, kidonda kimefunguka na nzi wamejaa. Nilimwita. Aligeuza sikio moja tu. Nililia hapo nyuma ya jiko mpaka mke wa baba mdogo akadhani nakulilia wewe, akanipa pole na chai.

Nilizungumza na baba mdogo kwa adabu zote. Akaniambia, "Mwanangu, siwezi kutia mkono kwenye mali ya ndugu yangu kabla ukoo haujakaa." Nikamwambia kidonda hakingoji ukoo. Akanigeuzia mgongo, akawa anaangalia mlima. Niliporudi safari nyingine nilimkuta Karani bombani ametwikwa, kidonda kimefunikwa kwa gunia ili watu wasione. Hapo damu ilinichemka.

Afisa wa mifugo aliniuliza jina la mwenye punda. Nikataja lako. Akauliza, "Yuko wapi?" Hebu fikiria nilivyosimama pale. Nikasema ametangulia. "Na anayemtunza sasa?" Nikamfikiria baba mdogo. Huyu ni mtu aliyekuosha miguu ilipovimba, aliyekulisha uji kwa kijiko sisi wengine tukiwa kazini. Mtu anayejua kuuguza hivyo, anashindwaje kuosha kidonda cha punda? Kwa hasira ya swali hilo nikamtaja, na swali lenyewe likabaki likininyima raha.

Walikuja na gari, yule afisa na mama mmoja wa shirika la kutetea wanyama. Walisafisha kidonda mbele ya foleni yote ya bombani, wakapunguza kwato, wakamwonya baba mdogo kwamba akimtwika tena atafika mahakamani. Mzee mzima, kofia mkononi, anakaripiwa mbele ya wake za watu. Mimi ndiye niliyewaita, Baba, lakini sikufurahi hata chembe.

Ukoo sasa ulikaa haraka! Kidonda hakikuwakutanisha, aibu ikawakutanisha. Wakaleta kibuyu cha maji tufanye kutasa, kila mmoja apige funda, ateme chini, na kutoa hasira aliyonayo moyoni. Baba mdogo akaanza. Akasema, "Kila nikimwona huyo punda pale mlangoni, namwona ndugu yangu anarudi kutoka bombani. Nikawa nawapa watu waondoke naye, mradi nisimwone." Akatema maji, akasema moyo wake umetakata, akanipa kibuyu.

Nikapiga funda. Watu wote wananitazama. Nilishindwa, Baba. Nilimeza.

Unajua maana yake kwetu. Shangazi alishika kichwa. Mzee mmoja akasema basi, aliyeamua kubaki na hasira yake amchukue punda aende naye, huo ndio urithi wake, shamba asahau. Nikafungua kamba. Sasa Karani yuko uani kwangu Voi, anakula majani na pumba, na daktari anasema mgongo utapona lakini asibebeshwe mzigo tena. Majirani wananicheka, fundi cherehani na punda asiyefanya kazi. Wacha wacheke. Lakini baba mdogo hapokei simu zangu, na hilo linaniuma kuliko shamba.

Nimewaza sana ni hasira gani ile niliyoimeza. Nilidhani ni ya baba mdogo. Lakini alipomaliza kusema sikuwa na kinyongo naye tena, nilimhurumia tu. Ni yako, Baba. Ni wewe niliyekukasirikia. Ulilala kitandani muda wote ule, ukazungumza na kila mtu juu ya mvua, juu ya mbuzi, hata juu ya nyimbo za mazishi yako, na hukusema neno moja Karani abaki na nani. Ulijua alivyokuzoea. Ulijua ndugu yako anavyokupenda. Ukaenda zako, ukatuacha tunaumizana. Sasa ningewezaje kusema hayo mbele ya ukoo, kwamba hasira yangu ni ya marehemu?

Jumapili baada ya kanisa nitakwenda Rukanga, hata baba mdogo akinifungia mlango. Nitakaa hapo nje mpaka atoke. Nitamwomba tuje wote wawili kaburini kwako na kibuyu cha maji, asikie kwa masikio yake kwamba hakuwa yeye. Nitakuambia ulikosea, na nitakuambia nimekusamehe. Nakuahidi, Baba, sitameza tena.

Msalimie Mama huko mliko. Lala. Ukisikia maji yanakudondokea Jumapili, usishtuke, ni mimi.

Mwanao,
Wakesho