Soko la Kabambare na Watu 196 Wasiohesabiwa

KAMATI YA WACHUUZI WA SOKO, KABAMBARE
Kikao cha Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1938, barazani kwa Mwenyekiti

Waliohudhuria: Bw. Faradji Assumani (Mwenyekiti, chumvi na samaki), Bw. Grégoire Bulaimu (Katibu, fundi wa cherehani), Bi. Hawa (mafuta ya mawese, mke wa pili wa Mwenyekiti), Bi. Véronique (mchele), Bw. Michel (fundi wa kinga, yaani baiskeli).
Asiyehudhuria: Bw. Octave (mvuvi). Hakutoa udhuru, ila alionekana akipita na nyavu.

KUMB. NA. 1/38: KUFUNGUA
Kikao kiliitwa saa tatu. Mwenyekiti alitoka ndani saa nne.

KUMB. NA. 2/38: HESABU YA WATU
Katibu alisoma tangazo la Leta, yaani serikali: mwaka jana mji ulikuwa na watu 1,140, mwaka huu 870. Mji usiofika watu 1,000, kuanzia Januari soko lake litafunguliwa mara moja kwa majuma mawili.

Mwenyekiti alieleza kwamba vijana wamekwisha, wote wako migodini. Katibu alijibu kwamba waliokwenda migodini ni 74, anawajua kwa viuno, kwa kuwa ndiye aliyewashonea kaputula za safari. Hao 196 wengine wako hapa hapa, wanakula na kucheza ngoma, ila siku ya hesabu walihamia mashambani kwa kuogopa kodi. Katibu aliomba iandikwe kwamba yeye alikaa nyumbani, akahesabiwa, akalipa. Imeandikwa.

Bw. Michel alisema siku ile alikuwa mgonjwa. Bi. Véronique alimuuliza, "Mugonjwa gani anapanda juu ya muti wa mawese kukata matunda?" Watu walicheka.

KUMB. NA. 3/38: MAPATO
Bei ya pamba imeshuka. Mwaka jana Katibu alishona nguo 46 kwa mwezi, sasa 31. Soko likikatwa nusu zitabaki kumi na tano, na cherehani ya pili, aliyoinunua bila msaada wa yeyote katika kikao hiki, itauzwa. Bi. Véronique alisema mchele unaweza kungoja majuma mawili, lakini samaki wa Mwenyekiti je?

KUMB. NA. 4/38: LA KUFANYA
Mwenyekiti alipendekeza Leta ilalamikiwe kwamba imehesabu vibaya. Bi. Hawa aliomba kusema. Mwenyekiti alisema muda umekwisha. Wajumbe walisema haujaisha.

Bi. Hawa alieleza kwamba nyumba yake, ili kodi ya mke wa pili isilipwe, ilionyeshwa kwa karani wa hesabu kuwa ghala ya chumvi. "Baba Nuru, myaka tisa niko bibi yako, batoto ine, leo niko mufuko wa chumvi? Karani akirudi, atatukuta tunapika sombe mu ghala?"

Mwenyekiti alisema mambo ya nyumbani yasiletwe kikaoni. Katibu alimkumbusha kwamba kikao kiko nyumbani kwake.

Bi. Hawa alitoa shauri kwamba Jumatatu kila mjumbe aende kwa karani kuandikisha nyumba yake yote, kisha awavute majirani. Waliokubali wanne, aliyekataa mmoja. Bi. Hawa alitangaza kwamba aliyekataa hatapikiwa kwake, na mke mkubwa amekwisha kuambiwa. Kura ilirudiwa. Walikubali wote watano.

KUMB. NA. 5/38: KUFUNGA
Watu waliondoka saa sita ya mchana. Iliamuliwa kwamba wanaotia sahihi wataje na watu wa nyumba zao, kama mazoezi ya Jumatatu.

Grégoire Bulaimu, Katibu. Mume wa Cécilia. Watoto wawili.

Faradji Assumani, Mwenyekiti. Mume wa Zaina na wa Hawa. Watoto saba. (Imesahihishwa na Bi. Hawa: tisa.)