Kompyuta Kwenye Gunia la Kahawa

Jumapili, mwezi wa saba, Igamba. Jua limetoka leo baada ya siku tano za ukungu, na mimi nalichukia.

Mkono wangu wa kulia umevimba. Naandika kwa simu, kwa dole gumba la kushoto. Uvimbe huu nimeupata kwa kumpiga mtu usoni.

Jana nilikuwa Mlowo, kwa wanunuzi wa kahawa. Mzee mmoja aliteleza, gunia lake likapasuka, na katikati ya kahawa ikachomoza kompyuta ya kijani. Ni moja ya zile ndogo za bei nafuu, za kuchajiwa kwa sola, ambazo wafadhili waliwaletea wanafunzi wangu. Namba ya shule niliiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu.

Nikapiga kelele: "Mwizi!"

Na mimi ndiye niliyempiga wa kwanza. Sikumtazama usoni, nilitazama namba. Wakaja wapagazi, wakaja wenye fimbo, mmoja akaja na tofali. Mzee alikuwa akilia, "Mwalimu, ni mimi, baba Neema! Naipeleka kwa fundi!" Nilimsikia, nikampiga tena. Niliposema "Mwacheni", hakuna aliyenisikiliza. Meno yake mawili yalibaki mchangani, na jicho la kushoto lilikuwa damu tupu.

Asubuhi Neema, wa darasa la tano, amekuja kwangu. Amepiga magoti na kuniamkia kama siku zote. Hilo limeniumiza kuliko mkono. Amenieleza kwamba kompyuta ilizimika Alhamisi, akadhani ameiharibu. Akamwomba baba yake aipeleke kwa fundi redio kimyakimya, kwa sababu mwalimu alisema atakayeharibu atamchuna ngozi. Baba akaifukia kwenye kahawa isigongwe njiani.

Nilisema hivyo kweli, mbele ya darasa zima, fimbo mkononi.

Neema alikuwa amebeba paneli ndogo ya sola ya kuichajia. Nimeiweka juu ya kichanja cha kahawa, nikaiunganisha kwa waya na kompyuta, niliyorudi nayo jana. Baada ya saa moja kompyuta imewaka.

Ilikosa jua tu. Sikuwahi kuwaambia watoto kwamba siku za ukungu itazimika.

Daktari anasema jicho huenda lisipone. Polisi wameandika kwamba alipigwa na "wananchi wenye hasira kali". Jirani anasema nimshukuru Mungu, yamekwisha.

Kesho naanzia hospitali, kisha kituoni. Nitawaomba wafute hayo maneno, waandike jina langu.