Viatu vya Mchuchumio Relini

Chayo, pokea simu. Basi soma.

Nimetoka kumpiga picha Itzel, mtoto wa kaka Heriberto, na gauni lake la sherehe ya miaka kumi na mitano. Kwenye reli ya ile treni mpya ambayo Phoenix nzima inaisubiri. Mimi ndiye niliyesema twende pale. Mimi ndiye niliyesema, "Treni yenyewe haijaanza kubeba watu, mnaogopa nini?"

Na ile michuchumio nimemvalisha mimi. Wakati unajua kwa mila yetu baba ndiye anayemvisha binti ya kwanza, siku ya sherehe, mbele ya wageni. Heriberto alikataa: "Dada, hiyo ni ya kesho." Nikamjibu ni ya picha tu.

Kisigino kikazama kwenye mwanya wa reli. Itzel anacheka, "Shangazi, nimenasa." Na mimi nacheka.

Mara treni hii hapa. Ya majaribio, tupu, haina hata kishindo. Nikaganda, shoga. Nikaganda na simu mkononi.

Heriberto ndiye aliyekimbia. Akapiga magoti relini, akafungua mkanda wa kiatu, akamvuta mtoto na gauni lake lote. Treni ilifunga breki, ikaja kusimama imeshakipita kiatu.

Hakunigombeza. Alibaki chini ameushika ule mguu mtupu, akasema taratibu, "Dada, si ungemwacha tu afike kesho."

Kiatu cha pili ninacho mkononi. Nashindwa kukiweka chini.