Ezra Ametundikwa Ukutani

Mama yangu mpenzi,

Kwanza pole kwa goti. Na ng'ombe je, ameshazaa? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaotokota, na nisipokutolea haya nitapasuka.

Ule udongo wa kaburi la kaka Ezra nilienda kuuchukua kama ulivyoniagiza, ili azikwe upya kwetu. Nilipiga magoti pale alikozikwa na watu baki kabla sisi hatujapata habari, nikamwambia, "Ezra, inuka twende nyumbani." Nikajaza mkebe. Na kwa kuwa marehemu halazwi ndani kwa dada yake, niliuacha nje mlangoni, nikaenda sokoni Gikomba kuuza nguo zangu za mitumba. Niliporudi, mkebe haupo! Nikawalaani waokota vyuma, wapangaji wa ploti nzima wakanisikia.

Sasa, hapa Makadara nina jirani msanii, Kamau. Huyu hachori kwa rangi za dukani, huchora kwa udongo. Anauponda, anauchekecha, anauchanganya na gundi. Majirani wamemzoea, kila atokaye safari humwachia mkebe wa udongo nje ya mlango wake, naye hupita akauchukua. Umeshaona ninakoelekea, Mama.

Jumamosi akanialika kwenye maonyesho yake mjini. Nikavaa vizuri. Nafika, naona mchoro mkubwa kama mlango, ni ploti yetu yenyewe, na chini yake umewekwa mkebe wangu, mtupu.

"Si ni ule mchanga wako, siste?" Kamau akasema, meno yote nje. "Nilidhani umeniletea. Ndio huo ukuta wa choo. Imetoka poa sana!"

Mama, Ezra wetu amefanywa ukuta wa choo! Na watu wamesimama na glasi za juisi, wanatikisa vichwa, mmoja anasema eti udongo huu una uhai. Una uhai? Huyo ni mtu! Nikakaa chini nikalia kilio cha kwetu cha matanga. Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Wakatoa simu wanirekodi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Hasira kama ya siku hiyo sijapata kuiona.

Kamau ndiye aliyekuja mbio. Nilipomweleza, akaushusha mchoro kwa mikono yake. Kisha akaharibu tena: "Si turudi tu kwa kaburi tuchukue ingine?"

Nikamfokea. Aliyekwisha kuitwa haitwi mara ya pili. Ezra hayuko tena kule makaburini, yuko humo kwenye gundi.

Sasa ameegemezwa nje ya mlango wangu, nimemfunika leso. Ijumaa nakuja naye. Kamau anaomba afuatane nami aje akuangukie miguuni. Sijamjibu, bado namchukia.

Msalimie shangazi wa kanisani, aniombee nipoe. Msalimie shemeji, mjane wetu, lakini habari ya choo usimwambie kabisa. Na baba mdogo, aliyesema shimo la mkebe ni jembe mara mbili tu, mwambie ajiandae. Achimbe kaburi la mtu mzima.

Ni mimi bintiyo,
Rispa